Ubao Nilioupiga Msasa

Chumbageni, Tanga
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Luiza,

Zamani barua ilianza kwa kuulizana afya. Yako nimeiona asubuhi ulipotoka mbio na chapati mdomoni, ukiwahi gari la Muheza kwenda kumuaga bibi yako, kwa hiyo hapo sina la kuuliza. Yangu unaijua vilevile: magoti, na hiki kikohozi cha vumbi la mbao ambacho wewe muuguzi umeshakikatia tamaa. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na redio nimeizima. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya kitanda chako. Nimechagua kuandika kwa sababu nikikutazama usoni nitayapunguza maneno, na kazi hiyo ya kupunguza nimeifanya miaka kumi na minne, inatosha.

Sitakuambia ule vizuri, ufunge mlango, uende kanisani. Una miaka ishirini na mitatu, na zahanati ya huko Babati haikukuajiri kwa ajili ya mawaidha yangu. Nataka kukuambia habari za ubao.

Uko kwenye begi kubwa, katikati ya zile khanga mbili za marehemu mama yako. Ni ubao wa kukatia, wa mianzi. Najua utashangaa, maana tangu utoto umenisikia nikizitukana mbao hizo. Mwanzi si mti, nilikuwa nasema, ni jani lililokosa wa kulifyeka. Na kweli seremala aliyezoea mninga na mvule hawezi kusifu vijiti vilivyobandikwa gundi. Nilianza kukutengenezea wa mninga kwa mkono wangu. Nikakipiga randa kipande kizuri kabisa, kisha nikakiweka chini nikashindwa kuendelea, na sababu utaiona mbele.

Basi Jumatano nilikwenda Barabara ya Kumi na Mbili, kwenye duka la vyombo. Nilizigeuza mbao zao zote moja moja. Nilizinusa, nikazigonga, nikazilaza juu ya kioo cha kaunta nikibonyeza pembe kuona upi unacheza. Mwenye duka, yule kijana wa Kihindi ambaye nilimjua angali anabebwa na baba yake, alinitazama mpaka akachoka.

"Mzee, unanunua ubao au unaposa?"

"Kuposa ningekuwa nimeshamaliza," nikamwambia. "Mke hana gundi."

Siku utakayonunua mwingine, fanya hivyohivyo na usione haya. Utazame ubavuni: vipande viwe vimebanana, usione mistari ya gundi wala upenyo wa kuingiza ukucha. Ukiunusa ukapata harufu kali kama ya rangi ya mlango, urudishe. Unene usipungue upana wa kidole gumba, kwa sababu mwembamba ukipata maji unajikunja kama chapati iliyosahauliwa. Usidanganyike na ule wa kahawia unaopendeza macho. Rangi ile huipata kwa kupikwa kwa mvuke, na mwanzi uliopikwa sana hulegea, kisu kinauchimba upesi.

Kuutunza ndiko kunakowashinda watu. Sisi hapa tumezoea kutumbukiza kila kitu kwenye beseni, vyombo vikalala majini mpaka mtu amalize maongezi yake, kisha tukavianika kichanjani kwenye jua. Sufuria itavumilia. Ubao wa mwanzi utanywa maji, utavimba, na jua likiupiga utapasuka kwenye maungio. Uoshe palepale, pande zote mbili hata kama umetumia upande mmoja, uufute, kisha uusimamishe kwa ubavu kivulini penye hewa. Harufu ya kitunguu na samaki itoe kwa chumvi na nusu ya ndimu. Ukikata, tandika kitambaa kibichi chini yake usiteleze. Mifupa usiipasulie hapo.

Na mafuta. Mama yako alikuwa akiupaka wake mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, na kila baada ya wiki chache jikoni kulinuka mafuta yaliyochacha. Mimi nikawa nasingizia panya. Wewe tumia yale mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa duka la dawa kwa watu waliofunga choo. Jina lake unalijua kuliko mimi. Yapake, yaache yanywewe hadi asubuhi, ufute yaliyobaki. Kule Babati hakuna unyevu huu wetu wa Tanga, na upepo wake utaukausha ubao upesi, kwa hiyo mwezi wa kwanza upake kila wiki.

Hayo nimeyaandika mbio mbio kama mtu anayezunguka nyumba huku mlango anauona. Sasa naingia.

Jumapili iliyopita ulikuwa unapanga nguo zako sebuleni, mimi nimekaa hapa nikichokonoa meno. Ukaanza kucheka peke yako. Ukasema, "Baba, unakumbuka nilivyowazulia watu kwenye arobaini ya Mzee Bakari? Eti ubao umekatiwa nguruwe! Hata sijui nililitoa wapi. Watoto, bwana." Ukacheka tena, ukaendelea kukunja sketi.

Nami nikajibu, "Watoto, bwana."

Kisha nikatoka nikaenda karakana, nikakaa juu ya gogo, na sikushika chombo chochote mpaka adhana ya magharibi. Kwa sababu hukuzua, Luiza. Ulichokisema siku ile kilikuwa kweli, neno kwa neno. Nilijua wakati ule, na nimejua kila siku iliyofuata. Nilichokuwa sijui ni kwamba wewe mwenyewe umeshaamini ulidanganya. Nilidhani unaijua kweli na umeamua kunistahi. Kumbe niliiondoa hata ndani ya kichwa chako.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ulikuwa na miaka tisa na mengine hukuyaona.

Mama yako alipoolewa nami akahamia uani hapa, aliweka sharti moja: nguruwe haingii jikoni mwake. Yeye alikuwa Mkristo kuliko mimi, wala nyama yenyewe hakuichukia. Ila majirani zetu ni Waislamu upande huu na upande ule, na alitaka nyumba yake iwe nyumba ambayo jirani anaweza kuomba sufuria bila kuuliza swali. "Wewe mgosi wa Kisambaa ukimtaka nguruwe wako," aliniambia, "mfuate hukohuko anakochomwa." Nikakubali. Na kweli ikawa hivyo. Kukiwa na shughuli mtaani, harusi au hitima, vyombo vya Mama Luiza vilikuwa vinaombwa vya kwanza. Kila chombo chake alikitia alama ya tone la rangi nyekundu ya kucha, chupa aliyoinunua kwa kazi hiyo tu, ili visichanganyike na vya wengine. Watu waliliheshimu lile tone. Bi Saumu alikuwa akisema kwamba penye tone la Mama Luiza haulizi.

Ubao wa mianzi ulikuwa kipenzi chake. Mpana, mwepesi kubeba, wanawake waliugombania kwa kukatia vitunguu.

Mwaka ule mama yako alikwenda Muheza kwenye msiba wa mjomba wake, akakaa wiki nzima. Tukabaki mimi na wewe. Jumamosi akapita rafiki yangu mmoja akitoka Bumbuli, akaniletea paja la nguruwe lililofungwa kwenye majani ya mgomba. Ningeweza kulipeleka kwa rafiki mwingine tukalichoma huko. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na mwenye jiko hayupo. Nikalikatia hapahapa jikoni, juu ya ubao wa mama yako, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na mkono wangu. Tukakaanga, tukala. Ulipenda sana. Uliniuliza kama ni mbuzi, nikakuambia ni nguruwe, ila usimwambie mama. Hapo nilikupa mzigo wa kwanza.

Kesho yake nikautazama ubao. Kisu changu kilikuwa kimeacha mikato, na mafuta yameingia ndani ya ile mikato. Mtu mwingine angesugua kwa ndimu akaomba Mungu. Mimi ni seremala, nikafanya la useremala. Niliuchukua karakana, nikaupiga msasa mnene, nikaupiga msasa laini, mpaka uso wote wa juu ukatoka ukawa vumbi sakafuni. Nikajiambia: ngozi yote imeondoka, na nguruwe kaondoka nayo. Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba rangi ya zamani ikishakwanguliwa mlango ni mpya. Fundi ana ugonjwa huo, anadhani kila kitu kiko juu juu.

Ila msasa uliondoa na tone la mama yako. Nikaenda nikaichukua ile chupa ya rangi ya kucha, nikatia tone jipya palepale lilipokuwa la zamani. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukila chungwa. Ukaniuliza, "Baba, unapaka nini?" Nikakujibu, "Alama ya mama." Nimeghushi kitu kimoja tu maishani mwangu, nacho ni tone lile.

Jumatano jioni akaja Mwanaidi, shoga yako, binti wa Bi Saumu. Baba yake, Mzee Bakari, alikuwa na siku thelathini na tisa kaburini na kesho yake ilikuwa arobaini. Bi Saumu alikuwa kwenye eda, hatoki, kwa hiyo akamtuma mtoto. "Shikamoo Baba Luiza. Mama anaomba ubao wa Mama Luiza, wa kesho."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Ningesema umepasuka. Ningesema Mama Luiza kaufungia kabatini. Nikamtazama yule mtoto mwenye msiba na mikono yake ameinyoosha tayari, nikaona aibu, nikampa. Nilifikiri pia kwamba ubao ule sasa ni safi kuliko ulivyotoka dukani. Nilifikiri mengi, na yote yalikuwa ya kunifaa mimi.

Siku ya arobaini mimi nilipeleka mabenchi, wewe ukanifuata. Uani kwao palijaa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka na visu vyao, na katikati yao dada yake Bi Saumu, Bi Tatu, Mungu amrehemu, ameuweka ubao mapajani anakata vitunguu vya pilau. Wewe ukasimama, ukaunyooshea kidole, ukasema kwa sauti safi kabisa, "Huo ndio baba alikatia nguruwe."

Visu vikasimama vyote. Bado navisikia visivyolia.

Bi Tatu akauweka ubao chini polepole. Akakuuliza, "Umeona kweli, mwanangu?" Ukajibu, "Ndiyo, nilikula." Mtu akakimbia ndani kumpa habari Bi Saumu. Masufuria mawili yalikuwa tayari motoni, na wageni wa dua wameshaanza kukaa nje. Kisha jibu la Bi Saumu likaletwa kutoka chumbani kwake, na kila mtu akalisikia: "Muulizeni Baba Luiza. Atakalosema ndilo. Mimi neno lake nalichukua."

Wakanigeukia wote. Nami nikasema, "Mtoto huyu mwongo." Nikakupiga kofi.

Nikaongeza, kwa kuwa uongo hauendi peke yake, kwamba umeanza tabia ya kuropoka tangu mama yako asafiri, na kwamba mdomo huponza kichwa. Ulinitazama. Hukulia palepale, ulinitazama kwanza, kama mtu anayengoja mwenziwe amalize utani. Kutoka ndani Bi Saumu akapaza sauti, "Msimpige mtoto, jamani, mtoto hajui." Bi Tatu akaniletea maji ya kunywa, akanipa pole. Mimi! Visu vikaanza tena. Pilau likaiva, likaliwa, na mimi nikapewa sahani, nikala nikaimaliza, kwa sababu kuiacha kungetia shaka.

Mama yako aliporudi kutoka Muheza alisimuliwa kabla hajatua mzigo. Aliumia sana. Nyumba yake aliyoijenga kwa miaka, mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeitia doa. Alikushika mkono akakuzungusha nyumba kwa nyumba ukaombe radhi, na ya mwisho ikawa ya Bi Saumu. Mimi nilikuwa karakana nikipiga randa. Nikawaona mkipita dirishani, mama yako mbele, wewe nyuma na gauni la kanisani. Niliendelea kupiga randa kipande kilekile mpaka kikawa chembamba hakina kazi.

Nilijiambia nitamwambia mama yako Jumapili. Kisha Pasaka. Kisha ukipasi darasa la saba. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu na nilitembea kwa starehe. Mama yako aliutumia ubao ule mpaka alipougua. Na nakuambia hili kwa kuwa nimeamua kutobakiza kitu: jioni nyingi alipokuwa anasali alikuwa akimwomba Mungu autengeneze ulimi wako. Nilikuwa kando yake nimefumba macho, nikaitikia amina. Amekufa hajui. Wiki moja baada ya kumzika niliupasua ubao kwa shoka, ili nisiuone. Mbele yake yeye siwezi tena kusema neno. Hilo limenipita, na nitakufa nalo.

Sasa nikuambie lililokupata wewe, maana nimelitazama kwa miaka yote. Baada ya siku ile ulianza kusema "sijui." Mtu akikuuliza umemwona fulani, unasema, "Sijui, labda sikuona vizuri." Wenzako wakawa wanasema usimsikilize Luiza. Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu uliingia karakana ukaniambia mkanda wa mashine umechanika. Nikakuuliza una hakika? Ukasema labda hukuona vizuri. Nikawasha. Hiki kidole changu kifupi unachokitania kilikatika dakika ile. Uliona sawasawa, ukajikana mwenyewe kwa sababu mimi nilikufundisha. Nilipokuwa nafungwa bandeji wewe ulikuwa unalia ukisema ungesisitiza. Nikakuambia si kosa lako, na ilikuwa kweli, lakini sikukuambia ni kosa la nani.

Unakwenda kazini ambako utamwangalia mgonjwa na kuandika ulichokiona. Atakuja mkubwa wako, au mtu mwenye haraka, au mtu mwenye masufuria yake motoni kama mimi siku ile, akuambie hukuona. Sitaki umwamini kwa sababu ya baba yako. Naogopa hilo kuliko safari, kuliko baridi ya kule, kuliko wanaume. Nimekuona mara ngapi ukiweka neno mezani kisha ukalirudisha mfukoni mwenyewe kabla hata mtu hajalipinga! Kila mara nilijua nani alianzisha, nikajifanya naomba chumvi.

Leo asubuhi, gari lako la Muheza lilipoondoka, nilivaa viatu vya kanisani nikaenda kwa Bi Saumu.

Alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Macho yake siku hizi yanamsumbua, kwa hiyo anauinua ungo hadi puani.

"Karibu, Baba Luiza. Mgosi, mbona viatu hivyo Jumamosi? Kuna posa?"

"Hakuna posa, Bi Saumu. Nimekuja kusema jambo la arobaini ya mzee."

Nikamwambia. Nilianza na paja, nikaja kwenye msasa, nikaja kwenye tone. Alipokuwa ananisikiliza vidole vyake viliendelea kuchagua mchele, kisha vikaacha.

"Rudia," akasema. "Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nikarudia.

"Ulijua, ulipompa mwanangu ubao?"

"Nilijua."

"Na pilau langu ukala?"

"Nilikula."

Kuku wakaja kwenye ungo, hakuwafukuza. Kisha akasema, "Sisi hatukujua, na asiyejua Mungu hamtwiki. Lakini wewe, Baba Luiza! Ungesema pale mlangoni tu. Ungemwambia mtoto, kamwambie mama yako ubao umeingia najisi. Tungeuosha mara saba, moja kwa udongo, yakaisha, na baada ya eda ningekucheka mpaka leo."

Nimeishi nao ukuta kwa ukuta miaka yote hii na sikulijua hilo. Mara saba, moja kwa udongo. Udongo wenyewe uko hapa mlangoni. Sikuwahi kuuliza, kwa kuwa mtu anayeficha hawezi kuuliza.

"Ubao una dawa yake," akaendelea. "Huyo mtoto uliyempaka uongo, utamwosha kwa nini?"

Akaweka ungo chini, na hapo ndipo alipoanza kulia. Nilidhani analilia arobaini ya mumewe. "Aliletwa kwangu chumbani," akasema. "Mtoto mdogo vile, amevalishwa viatu, ananiambia Bi Saumu nisamehe nilisema uongo. Nami nikamwekea mkono kichwani nikamwambia nimekusamehe. Nilimsamehe nini, Baba Luiza? Niambie. Nilimsamehe nini?"

Nilibaki nimesimama. Hakunikaribisha kukaa na sikustahili.

Alipotulia akaniuliza basi lako ni saa ngapi kesho, nikamwambia saa nne. Akamwita mjukuu wake ampigie simu Mwanaidi, aliko kwa mumewe Pongwe, nikamsikia akimwambia, "Kesho asubuhi uje, na usiniulize kwenye simu." Kisha akanigeukia. "Tutakuja saa mbili. Mimi na Mwanaidi na wale tuliobaki hai wa siku ile. Tutakuja uani kwako kumwomba radhi mtoto. Na wewe utasema mbele yetu ulivyoniambia, usipunguze. La arobaini ya mume wangu hilo ni jingine, sijakusamehe, usije ukadhani limekwisha." Nikasema nimesikia. Nikatoka, na viatu vilikuwa vinanibana kila hatua.

Ndiyo maana sikukutengenezea ubao wa mninga. Kila nikichukua msasa mkono unakumbuka. Nimekununulia wa watu wengine, wa mianzi kama wa mama yako, ambao sijaugusa zaidi ya kuunusa. Ukitaka kuutia alama, tia ya kwako.

Nimekuandikia yote haya ili kesho usije ukashtuka ukiona wanawake wanaingia uani asubuhi na khanga zao. Wanakuja kwako. Si lazima utoke. Ukitaka kukaa chumbani, kaa, nitasema hivyohivyo na utasikia kupitia dirishani. Ukitoka, si lazima umwambie mtu yeyote "hakuna neno." Najua ndivyo ulivyo, utataka kuwaondolea watu uzito. Usiwaondolee. Mimi hasa usiniondolee.

Nitasimama mahali watakaponiona wote na kusema: Luiza alikuwa na miaka tisa, aliona kwa macho yake, akasema kweli, na mimi baba yake nikamwita mwongo na kumpiga kwa ajili ya kweli hiyo. Kisha nitanyamaza. Sitakuomba unisamehe mbele ya watu, kwa sababu ukiombwa mbele ya watu huwezi kukataa, na mimi nataka uweze kukataa.

Ukiwa na la kunijibu, nitalisikiliza lote. Ukipanda basi bila kunitamkia neno, nitaelewa, na begi nitakubebea mpaka stendi vilevile.

Baba yako